Kula Donati ya Mochi Ingali na Joto: Mwongozo kwa Anayeionja Mara ya Kwanza

Anayetaka kuijua donati ya mochi, yaani duara la vidonge vya unga wa kunata lililokaangwa, apange saa kabla ya kupanga duka. Andazi la jana huliwa na chai asubuhi na mtu akashukuru, na kaimati hata zikipoa huwa zimekwisha kunywa shira yake, lakini donati ya mochi huanza kubadilika tabia tangu dakika inapotolewa kwenye mafuta. Mwanzoni ganda lake ni jembamba na hukatika kwa sauti, na ndani huvutika kisha ikajirudi. Baada ya saa mbili au tatu ganda limelegea. Ikifika siku ya pili mvuto umekwenda na kilichobaki ni ugumu. Nilipoinunua mara ya kwanza hapa Los Angeles niliipeleka nyumbani ndani ya boksi, nikaiweka kwenye friji hadi kesho yake, na nilipoitafuna nikashangaa watu wanapanga foleni kwa ajili gani. Miezi kadhaa baadaye nilikula nyingine nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka, karatasi yake ikiwa bado ina unyevu wa mvuke, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ile ya kwanza sikuwa nimeionja. Mwongozo huu nimeuandika ili msomaji asiizunguke njia hiyo ndefu.

Unachokwenda kuonja

Jina lake linaweza kumpotosha mtu. Mochi yenyewe, ile ya asili ya Kijapani, ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke kisha ukatwangwa ungali wa moto ndani ya kinu kinachoitwa usu, kwa nyundo kubwa ya mbao iitwayo kine, hadi punje zote zinapotea na kuwa donge moja jeupe lenye kuvutika. Kazi hiyo hufanywa hasa mwishoni mwa mwaka, na aliyekulia nyumba yenye kinu na mchi ataielewa mara moja, ila kwetu hutwangwa ili punje iachane na ganda lake au igeuke unga, na kwao hutwangwa ili punje zishikane zisiachane tena.

Donati ya mochi haitwangwi. Hukandwa kwa unga, huviringwa vidonge vidogo, kwa kawaida vinane, na vidonge hivyo hupangwa duara vikigusana, mfano wa bangili ya shanga nene, kisha duara zima huzamishwa kwenye mafuta ya moto. Umbo hilo lilienezwa na Mister Donut, kampuni iliyozaliwa Marekani katika miaka ya 1950 na kufungua duka lake la kwanza la Japani mwaka 1971 katika mji wa Minoh, mkoani Osaka. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilianza kuuza huko Japani donati iitwayo Pon de Ring, na wazo lake lilitoka mbali: lilitokana na pão de queijo, mkate mdogo wa jibini wa Brazili ambao haukandwi kwa ngano bali kwa wanga wa muhogo. Wajapani wana tanakali yao, mochi-mochi, wanayoitumia kwa kitu laini kinachovutika mdomoni, kama sisi tunavyosema tepwetepwe kwa kitu kilicholegea. Kwa hiyo neno mochi katika jina la donati hizi mara nyingi hutaja namna zinavyotafunika kuliko kutaja kiambato fulani.

Habari hiyo ya muhogo inatuhusu sisi tuliokulia pwani. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini, na ni Wareno walioupakia melini kutoka Brazili hadi Afrika, ambako leo huchemshwa kwa nazi, hukaangwa, huchomwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu, na husongwa ugali. Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka dukani bila kumweleza lolote. Alinyofoa kidonge kimoja, akakivuta kwa vidole vya mikono miwili, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, hiki kina muhogo." Nilimwuliza mhudumu, naye akathibitisha kwamba wanga wa muhogo umo.

Tawi la pili la ukoo wa donati hizi linatoka Hawaii, ambako Wajapani walianza kuletwa kwa wingi kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa mwaka 1885. Wenyeji wa Hawaii walikuwa tayari na poi, yaani majimbi yaliyopikwa na kupondwa hadi yakawa rojorojo, na mchanganyiko wa poi na unga wa mchele wa kunata, uliokaangwa vidonge vidonge, ukawa kitafunio kinachoitwa poi mochi. Ganda lake ni gumu kidogo, ndani ni zambarau iliyofifia, na mnato wake ni mzito kuliko ule wa Pon de Ring. Maduka mengi ya bara la Marekani leo yamechukua umbo la Japani na uzito wa Hawaii, na ndiyo maana donati za maduka mawili yaliyo mtaa mmoja zinaweza kutofautiana sana.

Inafaa pia kujua kwa nini zinanata, kwa sababu ujuzi huo ndio utakaokuongoza dukani na nyumbani. Wanga una sehemu mbili: amilosi, ambayo nyuzi zake ni ndefu na zimenyooka, na amilopektini, ambayo ina matawi mengi. Mchele mzuri wa pilau una amilosi ya kutosha kuufanya uchambuke punje moja moja. Mchele wa kunata karibu hauna amilosi kabisa. Wanga wake ukilowa na kupata moto huvimba, ukashikana, ukavutika. Wanga wa muhogo nao una amilosi kidogo, na ukipikwa huwa angavu na wenye kunyumbuka. Unga wa ngano huongezwa ili donati isimame na isitandazike ndani ya mafuta, na nyingi huumuliwa kwa baking poda badala ya hamira. Tatizo ni kwamba wanga ukishapoa hujipanga upya na kukakamaa, kama ubwabwa uliolala, na baridi ya friji huharakisha jambo hilo kuliko joto la kawaida la chumbani. Hiyo ndiyo sababu ya kosa langu la siku ile ya kwanza.

Anza na mochi yenyewe, kama unaweza

Ushauri huu wengi huuona kuwa ni wa ziada, lakini mimi nausisitiza. Kabla ya kwenda kwenye donati, onja mochi halisi, hata kipande kimoja, ili kinywa kiwe na kipimo. Hapa Los Angeles jambo hilo ni rahisi, kwa kuwa mtaa wa Little Tokyo una duka la Fugetsu-do, lililoanzishwa mwaka 1903 na ambalo bado linatengeneza mochi na vitamutamu vingine vya mchele kwenye barabara ya First Street. Ukipanda treni ya Metro ya njia A au E, unashuka kituo cha Little Tokyo/Arts District, ambacho tangu Juni 2023 kiko chini ya ardhi, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu.

Nunua moja nyeupe isiyo na rangi, yenye maharage mekundu ya azuki yaliyopondwa na sukari ndani yake. Usiimeze haraka. Angalia jinsi isivyokuwa na ganda, jinsi inavyokubali jino pole pole kisha ikalishika, na jinsi utamu unavyotoka ndani na si juu. Ukishaijua hali hiyo, donati utaipima kwa haki: utaona ni sehemu gani ya mochi iliyobakizwa na ni sehemu gani iliyotolewa kafara kwa ajili ya ganda la kukaangwa. Asiyekuwa na duka la mochi karibu anaweza kutumia kipimo kingine, kitumbua cha moto, ambacho ni cha mchele wa kawaida uliolowekwa na kusagwa, chenye nazi na hamira. Kitumbua humeguka, donati ya mochi huvutika. Ukiwa na kumbukumbu ya kimoja, utaihisi tofauti ya kingine mara moja.

Kuchagua duka na saa

Duka la kutafuta ni lile linalokaanga kidogo kidogo siku nzima, si lile linalokaanga sinia zote alfajiri na kuziuza hadi usiku. Dalili zipo na hazihitaji utaalamu. Ukiingia, nusa: mafuta mazuri yaliyo kazini yana harufu ya kitu kinachoiva, na mafuta yaliyochoka yana harufu nzito inayokaa kooni. Tazama sinia za kioo: donati mpya zina utando wa sukari mkavu na wenye kung'aa, na zilizokaa zina utando unaotoa jasho na kuteleza kuelekea chini, kwa kuwa unyevu wa ndani unapanda na kuyeyusha sukari. Tazama pia mahali vidonge viwili vinapokutana. Pakiwa na mkunjo uliosimama vizuri, donati ni changa. Pakiwa pamebonyea na duara zima limelala, imepita wakati wake.

Foleni ndefu ya Jumamosi alasiri, ambayo watu wengi huikimbia, mimi naipenda. Sinia haikai pale panapokuwa na watu wengi. Inaisha na nyingine inaletwa ikiwa ya moto. Wakati mbaya kuliko wote ni saa ya mwisho kabla ya kufunga katika siku ya katikati ya wiki, hata kama bei imepunguzwa. Lililo muhimu ni kumwuliza mhudumu swali moja la moja kwa moja: "Samahani, ni aina gani imetoka kukaangwa sasa hivi?" Mara nyingi atakuonyesha bila kusita, na hiyo ndiyo ya kununua, hata kama si ladha uliyoikusudia ulipotoka nyumbani. Akisema zote ni za asubuhi na sinia mpya itatoka baada ya dakika kumi na tano, subiri dakika hizo.

Utaona pia maduka yanayouza donati za mochi zilizookwa katika vikombe vya duara badala ya kukaangwa. Hizo ni kitu kizuri kwa namna yake, nzito na zenye siagi, na zina ukoo na keki ya mochi ya Hawaii, lakini hazina ganda la mafuta wala vidonge vya kunyofoa. Asianze nazo mtu anayetaka kujua donati hii imepata wapi sifa yake.

Kuagiza

Kwa mtu mmoja donati mbili zinatosha, na kwa watu wawili tatu. Usishawishike na boksi la sita au la kumi na mbili katika ziara ya kwanza, maana hutazimaliza zikiwa na joto na zitakazobaki zitakuharibia kumbukumbu. Katika miji mikubwa ya Marekani donati moja mara nyingi huuzwa dola 3 hadi 4, na skrini ya kulipia itakuuliza kuhusu bakshishi, ambayo ni hiari yako.

Donati ya kwanza na iwe ile yenye vitu vichache kuliko zote. Maduka huziita kwa majina tofauti, lakini unachotaka ni iliyopakwa sukari nyembamba tu. Kama haipo, omba wakupe moja ambayo haijachovywa kitu. Nimeomba mara kadhaa na nimekubaliwa. Sababu ni kwamba katika maduka mengi upande wa juu wa donati huchovywa katika sukari ya unga iliyokorogwa na maziwa au maji, pamoja na ladha fulani, na utando huo ukiwa mnene hufunika kila kitu. Mtu anayeanza na donati iliyorundikiwa biskuti za Oreo zilizopondwa, au nafaka za rangi za kifungua kinywa, atakuwa amekula Oreo na nafaka, na kuhusu donati hatakuwa na la kusema.

Ya pili iwe na ladha ya Kijapani. Chaguo langu la kwanza ni kinako, unga wa soya iliyokaangwa kisha ikasagwa, ambao una harufu ya karanga na ukavu unaoitengeneza vizuri ile hali ya kunata. Ufuta mweusi uko karibu nao, na mtu aliyezoea kashata za ufuta hatakuwa mgeni. Matcha, yaani chai ya kijani iliyosagwa laini kabisa, inahitaji uangalifu: ikiwa nzuri ina uchungu wa majani mabichi unaoupunguza utamu, na ikiwa hafifu ni rangi ya kijani na sukari tu. Hojicha, ambayo ni chai ya kijani iliyokaangwa, ni pole zaidi na humfaa anayependa harufu ya moshi.

Ladha nyingine nyingi zimeingia kutoka kwa majirani wa Wajapani katika miji hii, na baadhi yake zitakugusa kwa njia usiyoitarajia. Ube ni kiazi kikuu cha zambarau ambacho Wafilipino hukipenda mno, na kiazi kikuu tunakijua. Jimbi lipo, kwa jina la taro. Tunda tunaloliita karakara au pasheni, ambalo Hawaii huitwa lilikoi, mimi naona ndilo linalopatana na unga huu kuliko matunda yote, kwa sababu uchachu wake hukata mafuta na kuamsha kinywa baada ya kila kidonge. Maembe nayo huwekwa, lakini bado sijaonja utando wa embe uliofikia ladha ya tunda lenyewe. Maduka mengi hubadilisha orodha yake kila wiki au kila wiki mbili, kwa hiyo usiipange safari yako kwa ladha moja.

Kinywaji kisiwe na sukari. Pwani tuna desturi nzuri ya kunywa kahawa chungu pamoja na haluwa au kashata, na desturi hiyo inafaa hapa bila kubadilishwa hata kidogo. Chai ya kijani ya moto ni nzuri, chai ya rangi bila sukari ni nzuri pia. Maduka haya hupenda kuuza chai ya maziwa yenye lulu za wanga wa muhogo, kinywaji cha Taiwan, nacho ni kitamu, lakini kukinywa pamoja na donati ni kutafuna wanga juu ya wanga, na meno huchoka kabla ya ulimi kuridhika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Msomaji Mwislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, asipite sehemu hii. Maduka mengi ya donati za mochi huuza pia soseji za Kikorea zilizochomekwa kwenye kijiti, zikavikwa donge na kukaangwa, na soseji hizo zinaweza kuwa za nguruwe. Uliza kama donati na soseji zina mafuta tofauti, na uliza kama mafuta yenyewe ni ya mimea. Swali la wazi hupata jibu la wazi: "Je, mafuta mnayokaangia donati ndiyo hayo hayo mnayokaangia soseji?" Jambo la pili ni jelatini, ambayo hupatikana katika mashmelo na mapambo mengine laini ya juu, na mara nyingi hutokana na nguruwe au na ng'ombe asiyechinjwa kwa taratibu zetu. Donati yenye kinako, ufuta au sukari tupu haina haja ya mapambo hayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea.

Asiyekula ngano naye asidanganywe na habari za mchele. Donati hizi kwa kawaida zina unga wa ngano ndani yake, na hata duka linalotengeneza zisizo na ngano huenda linatumia mafuta yale yale kwa zote. Mayai, maziwa, soya na ufuta pia ni vya kuuliza kwa mwenye kudhurika navyo.

Kuhusu watoto wadogo na wazee, ni vema kuwa mwangalifu. Huko Japani mochi ya mwaka mpya huwakwama wazee kooni, na Idara ya Zimamoto ya Tokyo hutoa tahadhari kuhusu jambo hilo. Donati ina ngano na hukatika kwa urahisi zaidi, lakini bado huvutika. Kidonge kimoja kikatwe vipande vinne kwa mtoto, aketi chini, na asipewe akiwa anacheka au anakimbia.

Kula

Keti, au simama pembeni pasipo na msukumano, na usianze na upande wenye sukari. Shika donati kwa mikono miwili, chagua vidonge viwili vinavyogusana, uvivute taratibu kuelekea pande mbili. Pale vinapoachana utaona unga ukinyooka kama uzi mpana kabla ya kukatika. Uzi mrefu una maana kwamba wanga umeiva vizuri na donati ingali changa. Ikikatika mara moja kama mkate, ama imekaa, ama ngano imezidi.

Chukua kidonge kimoja tu na ukigeuze ili ule kwanza upande wa chini usio na utando. Sikiliza jino la kwanza, kwa sababu ganda la donati iliyotoka mafutani lina sauti ndogo ambayo haidumu. Kisha tafuna pole pole, zaidi ya unavyotafuna andazi. Mwanzoni utahisi ukinzani kidogo, donge likisukuma jino nyuma; baada ya kutafuna mara kadhaa hulainika, na hapo ndipo utamu wa wanga wenyewe hutokea, utamu mpole unaofanana na ule wa muhogo mchanga uliochemshwa na kuongezwa chumvi kidogo. Ukimeza kabla ya hatua hiyo, hilo limekupita. Kidonge cha pili kile pamoja na utando wake, na sasa utajua utando umeongeza nini.

Jiulize mambo matatu wakati unakula. Ndani ni kukavu kiasi au kumebaki na ubichi? Donati iliyokaangwa kwa moto mkali kupita kiasi huwa imeiva nje na mbichi katikati, na ubichi huo mtu huweza kuudhania kuwa ni mnato wa mochi. Tofauti ni kwamba mnato huvutika na ubichi hujipaka kwenye meno. Je, vidole vimeloa mafuta? Donati iliyotoka kwenye mafuta ya joto sahihi, karibu nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, haiachi dimbwi kwenye karatasi. Na mwisho, ukiufumba mdomo baada ya kumeza, kinachobaki ni harufu ya nini? Katika donati nzuri hubaki harufu ya nafaka iliyoiva, na katika donati ya kawaida hubaki sukari peke yake.

Vidonge vinane ni rahisi kugawana, na mimi huona umbo hili lilibuniwa kwa ajili ya meza ya watu wengi. Tukiwa wanne tunanunua tatu, kila mtu ananyofoa viwili kutoka kila moja, na mazungumzo juu ya ipi ni bora yanakuwa na msingi kwa kuwa wote tumekula zile zile kwa wakati ule ule. Hakuna haja ya kisu. Kisu hubana vidonge na kuua hewa iliyomo ndani.

Zinazobaki

Kama lazima uzichukue nyumbani, acha kifuniko cha boksi wazi kidogo ili mvuke utoke, la sivyo ganda litalowa kabla hujafika. Ziache mezani ikiwa zitaliwa jioni ile ile. Usiziweke kwenye friji. Za siku nyingine zifungwe moja moja katika karatasi ya plastiki na ziingizwe kwenye friza mapema, zingali nzuri, kwa kuwa baridi kali husimamisha kule kukakamaa ambako baridi ya wastani hukuharakisha.

Siku ya kuzila, iliyotoka friza iache mezani hadi barafu iishe, kisha ipashe moto katika maikrowevu kwa sekunde nane hadi kumi, si zaidi; sekunde ishirini huifanya iwe kama mpira. Mvuto utarudi kwa dakika chache, basi kahawa iwe imekwisha kumiminwa. Ganda halirudi kwa njia hiyo. Anayelitaka ganda atumie ovena au kikaangio cha hewa kwa dakika mbili au tatu, lakini hilo linafaa kwa donati isiyo na utando wa sukari, maana utando huyeyuka na kuungua. Kwa hiyo ninaponunua za kuweka, huomba zisichovywe kitu, na nyumbani huzipaka shira nyepesi ya sukari na iliki baada ya kuzipasha, kama ninavyofanya kwa kaimati za Ramadhani.